Mvua ya Paa Langu Ni ya Nani?

Hamjambo jamaa zangu. Nawashukuru wa Aurora na Denver, na nyinyi mliotoka mbali mpaka Greeley.

Nitaanza na jabia, yaani birika la kuhifadhia maji ya mvua. Anayenijua anajua siwezi kuanza kwingine. Mimi ni mtu wa Pate, kule Lamu. Kisima chetu kilikuwa cha maji ya chumvi: unaoshea vyombo, lakini chai hupikii. Maji ya kunywa yalitoka juu. Yanaangukia sakafu ya chokaa iliyojengwa kwa mteremko, yanatiririka mpaka ndani ya jabia, yanakaa humo kungojea kiangazi. Masika yakikaribia, bibi alitushikisha mafagio, na mtoto aliyekanyaga sakafu ile na viatu alirudi nyumbani analia. Kuacha mvua ipite bure ilikuwa aibu ya nyumba nzima.

Sasa mtu huyo mlete Colorado. Mwaka 2011 nilikuwa nimepanga nyumba yenye uwanja nyuma. Ikapiga mvua moja ya alasiri, mwezi wa Julai, nami nikakinga ndoo mbili chini ya mlizamu. Jirani yangu, mzee mwema kabisa, akaja mpaka kwenye ua akaniambia kwa upole kwamba hapa hilo haliruhusiwi. Maji yale yana mwenyewe huko chini mtoni. Nikamuuliza mara mbili. Kumbe alisema kweli. Sheria ya jimbo ilichukulia kwamba kila tone liko safarini kwenda mtoni, mpaka wewe uthibitishe vingine. Ile habari ya aliyetangulia kuchota ndiye mwenye haki, pamoja na kesi ya Left Hand Ditch ya 1882 iliyoithibitisha haki hiyo hapa Colorado, mmeshaisikia kwangu, siirudii.

Siku ile nilimwaga ndoo zangu, halafu nikafanya jambo moja: niliyafuata maji. Nilitaka kuyaona yakienda huko mtoni. Yalitoka kwenye mlizamu, yakakata majani, yakafika kwenye kitanda cha nyanya kilichokuwa kimepasuka kwa ukame, na hapo yakaishia. Hayakufika hata barabarani. Baada ya saa mbili, jua limerudi, nilichimba kwa kijiko cha bustani. Udongo ulikuwa umelowa kina cha kidole kimoja, chini yake vumbi. Kesho yake asubuhi hata kile kidole kilikuwa kimekauka. Jamani, huyo mwenye maji huko chini alipata nini?

Msiseme huo ni uwanja wa mama mmoja tu. Mwaka 2007 wataalamu walipima katika kaunti ya Douglas, hapa kusini yetu, wakakuta kwamba kwa wastani asilimia 97 ya mvua na theluji haifiki mtoni kabisa. Inanyonywa na mimea au inapanda hewani. Asilimia 97! Kwa hiyo kwa miaka zaidi ya mia moja watu walikatazwa kukinga maji ambayo karibu yote hayakuwa yanamfikia yeyote. Hili ndilo linalonikera, na nitalisema mpaka nichoke: mlinde mkulima wa huko chini mtoni, ndiyo, lakini pimeni kwanza.

Maana najua kuna atakayesimama aseme, "Dada, mkulima naye ana watoto." Anao, na mimi nala mahindi yake. Mwaka wa ukame, mwenye haki ya zamani asipopata maji shamba lake linakufa, na hata Kansas iliishtaki Colorado mwaka 1985 kwa ajili ya mto Arkansas. Siyachukulii haya kuwa mchezo. Lakini pipa la kukingia mvua halili maji. Maji ya pipa ninayamwaga pale pale kwenye nyanya, udongo ule ule, ila siku tatu baadaye. Ni maji yaliyocheleweshwa.

Mwingine atanitajia yule bwana wa Oregon aliyefungwa mwaka 2012 "kwa kukinga mvua." Naomba tuiache hadithi hiyo, inatuharibia hoja. Bwana yule alikuwa na mabwawa matatu yenye kuta. Maji ya paa lako kule Oregon unaruhusiwa kuyakinga. Ukienda mbele ya wabunge na hadithi isiyo sawa, hata ile ya kweli hawataisikiliza.

Haya, 2016. Hickenlooper, gavana wa Colorado wakati ule, alitia saini sheria mpya ya kukinga mvua, na tangu Agosti mwaka ule tunaruhusiwa mapipa mawili, jumla galoni 110, yaani lita kama 416. Yawe na kifuniko, yakae nje, maji ni ya bustani tu, na nyumba isizidi familia nne. Tulishangilia, nami nilishangilia. Lakini piga hesabu. Paa la mita za mraba 100 likipata milimita moja ya mvua, hizo ni lita 100. Milimita nne na kidogo, mapipa yamejaa. Mvua ya milimita 10 inakuletea lita 1,000, na zaidi ya nusu unasimama kuzitazama zikienda. Wenzetu wa Utah tangu 2010 wakijiandikisha tu wanaruhusiwa galoni 2,500. Na Utah nako haki ya maji ni ya aliyetangulia, kama huku.

Naona naonyeshwa saa. Nilitaka kusema juu ya mbu, na juu ya wenzetu wengi hapa wanaokaa kwenye majengo makubwa ambao sheria hii haikuwagusa kabisa. Hilo la majengo ni zito, tulizungumze kwenye maswali. Barua ya kumwomba mbunge wetu aongeze kiwango iko mezani, kwa Kiswahili na Kiingereza. Pipa langu nimekuja nalo, liko pale mlangoni. Njooni mfungue kifuniko muone wavu ulivyofungwa.