Pedali Ikiwa Ngumu: Tupime Vakyumu Kabla ya Kununua Busta

Hamjambo mafundi, na madereva mliofika hapa Nakuru. Leo tunashughulikia malori madogo ya dizeli yenye busta ya vakyumu, yaani kifaa kinachotumia mvuto wa hewa kuipunguzia mguu kazi kwenye pedali ya breki, kama vile Isuzu NKR na Mitsubishi Canter. Breki za upepo za malori makubwa tuziweke kando.

Injini ya petroli ina kilango kinachobana hewa inayoingia, na vakyumu hupatikana hapo. Dizeli haitegemei kilango hicho, ndiyo sababu ikapewa pampu. Katika malori mengi ya aina hii pampu imefungwa mgongoni mwa alteneta, inazungushwa na shafti ileile na kulainishwa na oili ya injini. Mkanda ukiteleza, taa ya chaji na pedali ngumu zinaweza kuja pamoja.

Kipimo cha kwanza hakigharimu kitu. Zima injini, kanyaga pedali mara tano au sita mpaka ikaze. Ukiwa bado umeikanyaga, washa injini. Ikizama kidogo chini ya mguu, busta inasaidia. Isipozama, ama vakyumu haifiki au busta imeharibika, na hapo geji ndiyo itakayoamua. Chomoa mpira wa vakyumu kwenye busta, ufunge geji ya vakyumu, injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta.

Hapa ndipo pampu nyingi nzima hutupwa. Vipimo vya vitabuni kwa kawaida ni vya usawa wa bahari, ambako shinikizo la hewa ni karibu inchi 30 za zebaki. Nakuru tuko takriban mita 1,850, na hewa yetu ni kama inchi 24 tu. Pampu haiwezi kuvuta kupita hewa iliyopo! Ukisoma 20 au 21 hapa, iache pampu mahali pake. Kisumu, mita 1,130 hivi, tarajia 22 au 23. Timboroa, juu ya mita 2,700, hata 18 ni nzuri, na pedali huwa nzito kidogo kule hata lori likiwa zima.

Geji ikisoma chini ya hapo, ihamishie kwenye mdomo wa pampu. Ikipanda, hitilafu iko njiani. Kagua mpira kwa ndani pia: ukuta wa ndani huweza kubanduka na kuziba njia huku nje ukionekana mpya. Mpira wa maji usitumike badala yake, kwani hunywea ukivutwa. Vali ya njia moja ipulize kwa mdomo: hewa ipite kuelekea pampu, isirudi. Kisha ziba tawi la ekzosti breki (ile inayobana moshi wa injini ili kupunguza mwendo), maana kwenye mengi ya malori haya nayo hutumia vakyumu hiyohiyo. Geji ikipanda baada ya kuziba, umeona panapovuja. Na dereva akikwambia ekzosti breki nayo imelala, anza upande wa pampu, si kwenye busta.

Pampu ikiwa dhaifu kweli, fungua bomba linaloipelekea oili kabla ya kufunga nyingine. Bomba likiziba, vibao vya ndani husagika vikavu, na pampu mpya itakufa vilevile.

Busta yenyewe hujitangaza kwa mluzi ndani ya kabini unapokanyaga. Mafuta ya breki yakipungua bila gurudumu lolote kulowa, tenga masta silinda (inayosukuma mafuta ya breki) na busta, uangalie nyuma ya masta. Pakiwa na unyevu, sili imepitisha mafuta na mpira wa ndani ya busta unaharibiwa. Ukibadilisha busta peke yake, hiyo mpya itaozeshwa na masta ileile.

Kabla lori halijatoka gereji, washa injini dakika moja, zima, subiri dakika tano, kisha kanyaga. Mkanyago wa kwanza uwe mlaini; ukiwa mgumu papo hapo, rudi kwenye vali na mipira. Akiba ya vakyumu inayobaki injini ikizimwa ni ya mikanyago miwili au mitatu tu. Dereva anayezima injini kwenye mteremko wa kuelekea Salgaa ili kuokoa dizeli huimaliza kabla ya kufika chini, kwa hiyo mwonyeshe kipimo hiki akiwa ameketi kwenye usukani.