Ganesh wa Udongo, Ganesh wa Plasta

Ndugu zangu, nimeombwa nizungumzie asili na mila za Ganesh Chaturthi, sikukuu ya Wahindu ya mungu wao Ganesh, na najua wengi wenu mmekuja kusikia habari ya kichwa cha tembo. Hiyo mnaijua. Mungu wa kike Parvati alichukua singo ya manjano aliyojisugulia mwilini, akafinyanga mtoto, akamweka mlangoni alinde wakati yeye anaoga. Mumewe Shiva akarudi, akazuiwa mlangoni kwake mwenyewe, hasira zikampanda akamkata mtoto kichwa. Kikatafutwa kingine, kikapatikana cha tembo, na mtoto huyo ndiye Ganesh. Katika kisa chote hicho nataka mshike neno moja tu: alifinyanga. Hakuchonga jiwe, hakusubu shaba.

Kule Maharashtra, ambako sikukuu hii ina nguvu kuliko kwingine kote India, sanamu ya nyumbani kwa mila hufinyangwa kwa udongo laini wa kijivu uitwao shadu, unaoletwa zaidi kutoka Gujarat. Sanamu hukaa nyumbani siku 1 na nusu, au 3, au 5, au 7, au mpaka Anant Chaturdashi, siku ya 14 ya mwezi, kisha hupelekwa majini ikayeyuka. Kuyeyuka huko ni ibada kamili, ina masharti yake, na ndiko tutakakokaa leo. Mambo mengine yatasubiri.

Tazameni inavyokwenda. Sanamu ikitoka kwa mfinyanzi hubebwa uso umefunikwa kitambaa. Bado ni udongo. Siku ya Chaturthi, yaani siku ya 4 ya mwezi unaokua wa Bhadrapada katika kalenda ya Kihindu, karibu na saa sita mchana kwa sababu Ganesh husemwa alizaliwa adhuhuri, husomwa dua ya kuitia uhai, pranapratishtha, na macho ya sanamu hupakwa samli kwa jani la ukoka. Ndiyo, ukoka, huu huu mnaoukanyaga uwanjani. Wao huuita durva, na Ganesh hupewa vichipukizi 21, kila kimoja na majani matatu au matano. Baada ya hapo sanamu haisogezwi, hata inchi moja. Kuna mgeni ndani ya nyumba: anapewa chakula, anaimbiwa asubuhi na jioni, taa haizimwi. Siku ya kuondoka husomwa dua ya kuaga, uttarpuja, hunyunyizwa punje za mchele, kisha mwenye nyumba huishika sanamu na kuisogeza kidogo tu kutoka kitini. Huko kusogeza ndiyo ruhusa. Mgeni ameshaondoka, kilichobaki ni udongo, na udongo unarudi kwao.

Hapa huwa hakosekani mtu wa kunyoosha mkono: "Kwa hiyo wanaabudu udongo?" Jamani! Nimetoka kueleza sasa hivi kwamba kabla ya saa sita ile ni udongo na baada ya kusogezwa ni udongo. Wangekuwa wanaabudu udongo wangeutupa mtoni? Ukitaka ushahidi zaidi, wasio na sanamu huweka popoo moja juu ya mchele, wakamwita Ganesh humo humo, ibada ikatimia. Ni mgeni, tena si mgeni wetu wa siku mbili ya tatu mpe jembe. Huyu siku ya kumi bado wanamlilia barabarani: "Ganpati Bappa Morya, pudhchya varshi lavkar ya," Baba Ganesh, mwakani uje mapema.

Sasa plasta, ambayo nayo hufanyiwa sanamu hizi. Plasta ya Paris ni jasi iliyookwa mpaka ikapoteza sehemu kubwa ya maji yake. Unga wake ukichanganywa na maji unarudi kuwa jasi ngumu ndani ya nusu saa. Nikisema hivi wapo wanaojibu, "Lakini hata plasta huyeyuka, polepole." Haya, tupige hesabu. Lita moja ya maji huyeyusha takribani gramu 2 za jasi, haizidi sana hapo. Chukua sanamu ya kilo 5, itie kwenye ndoo ya lita 20. Maji yatakula gramu 40, kisha yameshiba. Ukae siku tatu, ukae mwezi, utakuta kilo 4 na ushei zinakutazama kwa macho yale yale. Shadu kwenye ndoo hiyo hiyo inalala jioni, asubuhi ni tope. Ukitaka kujua plasta hufanya nini baharini, nenda ufuo wa Juhu au Girgaon kule Mumbai asubuhi ya pili yake: mikono, mikonga, tumbo lililopasuka, vyote vinasukumwa na mawimbi kurudi kwa walioaga. Mgeni ameagwa kwa ngoma, kesho yake anazolewa kwa tingatinga. Hapo hata sijataja rangi za mafuta zenye risasi na zebaki, zinazobaki majini na kwa samaki.

Nisiwaonee mafundi. Plasta humiminwa kwenye kalibu, ikashika, ikatolewa, na kalibu ile ile ikatoa nyingine kabla ya chai kupoa. Ni nyepesi, ina uwazi ndani, haivunjiki ovyo kwenye lori. Shadu ni kazi. Udongo hulowekwa, huchujwa changarawe, hukandwa mpaka usinate kidoleni, kisha hubandikwa kwenye nusu mbili za kalibu kwa unene ulio sawa. Unene ukitofautiana, penye wembamba hukauka kwanza na kuvuta, ufa hutokea shingoni au pale mkonga unapoachana na uso. Nusu mbili huunganishwa kwa uji wa udongo huo huo, mikono huongezwa baadaye. Halafu kukausha: kivulini, wiki mbili hivi, kamwe si juani, kwa sababu ngozi ya nje itakauka moyo ungali mbichi. Na haya yote hufanyika msimu wa mvua za masika ya kule, Juni mpaka Septemba, hewa yenyewe imelowa! Ndiyo maana fundi wa shadu huanza miezi kabla, na bei yake iko juu. Macho huchorwa mwisho kabisa, na fundi wa macho mara nyingi ni mmoja tu katika karakana nzima.

Muuzaji akikuapia kwamba ni udongo, usibishane naye. Igonge kwa kucha: plasta hulia kama kigae, shadu haina mlio. Ipindue: ndani ya plasta mara nyingi utaona nyuzi za makumbi ya nazi zilizotiwa kuishika. Lowesha kidole, sugua chini ya kitako: udongo hulainika na kunuka mvua, plasta inakutazama tu.

Bodi kuu ya India ya kudhibiti uchafuzi ilitoa mwongozo mwaka 2010, ikaukaza mwaka 2020, ikasema plasta basi. Plasta bado ipo. Kwa aliyekwisha kuinunua, maabara ya taifa ya kemia iliyoko Pune ilileta dawa: amonium baikaboneti, ile wanayotia waoka biskuti. Ondoa maua na nguo, kwangua rangi kadiri uwezavyo, itumbukize sanamu kwenye ndoo ya maji yenye baikaboneti ya uzito unaokaribia wa sanamu yenyewe, koroga mara tatu nne kwa siku. Baada ya saa 48 hivi chini kuna unga wa chokaa, na juu kuna maji ya amonium salfeti, ambayo ni mbolea. Yapunguze kwa maji mengi kabla ya kumwagilia, la sivyo utaunguza mizizi. Na ifanyie nje, harufu yake inatoa machozi.

Wapenzi wa historia naona wananikodolea macho: na Tilak je, yule mpinga utawala wa Mwingereza anayesemwa kuwa ndiye aliyeianzisha? Haya. Tilak hakuianzisha sikukuu. Wapeshwa, watawala wa Wamaratha, waliiadhimisha Pune karne moja kabla yake, na majumbani ilikuwapo. Bhausaheb Rangari aliweka Ganesh wa hadhara Pune mwaka 1892. Tilak, mwenye gazeti la Kesari, akalipa jambo hilo sauti mwaka 1893, kwa sababu mkusanyiko wa dini ulikuwa mgumu kwa Mwingereza kuuzuia kuliko mkutano wa siasa. Lakini sikukuu ilipotoka sebuleni kwenda barabarani, mtaa ukaanza kushindana na mtaa kwa urefu wa sanamu. Mtaa wa Khairatabad, mjini Hyderabad, walianza na futi 1 mwaka 1954, na mwaka 2014 walifika futi 60. Udongo haupendi kwenda juu hivyo, plasta haina habari. Mwaka 2020, kwa ajili ya korona, serikali ya Maharashtra iliweka kikomo cha futi 4 barabarani na futi 2 nyumbani, na sikusikia kwamba Ganesh alikataa kuja.

Chakula, upesi. Modak ni tonge la unga wa mchele lenye nazi ndani, na kila kitu chake mnacho jikoni. Vikombe 2 vya nazi iliyokunwa, kikombe 1 cha sukari guru, iliki, kungumanga kidogo. Kaanga mpaka ikauke, kwani ikibaki na maji itatoboa ganda. Kikombe 1 cha maji, chumvi chembe, kijiko cha samli. Yakichemka tia kikombe 1 cha unga, funika, epua. Ukande ungali moto, paka mikono samli. Wanaosubiri upoe ndio ambao modak zao hupasuka mvukeni. Finya mikunjo, funga kileleni, weka juu ya jani la mgomba, mvuke dakika 10 hadi 12. Anazopelekewa Ganesh ni 21.

Kalenda. Nyinyi wa mwezi mwandamo mtanielewa: Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Wahindu nao huhesabu kwa mwezi, ila kila baada ya miezi 32 au 33 huongeza mwezi mzima, ndiyo maana sikukuu haitoki Agosti na Septemba. Mwaka 2023 mwezi uliongezwa, Ganesh akaja Septemba 19. Mwaka 2024 akaja Septemba 7. Mwaka 2025 Agosti 27.

Nilitaka kusema habari ya kutotazama mwezi usiku wa Chaturthi, na jinsi Krishna alivyoutazama akasingiziwa wizi wa kito, lakini mwenyekiti ameshaangalia saa mara tatu. Aliyeuliza kwenye karatasi kama maji ya ndoo ya shadu yanafaa kumwagiwa mlangilangi: yanafaa, mradi umeondoa maua na uzi, na rangi iwe ya udongo au ya manjano.