Nani Anawaza Hapa? Sauti, Uanamke na Taashira katika To the Lighthouse

Mabibi na mabwana, tuanze na ukurasa wa kwanza wa riwaya hii, To the Lighthouse, maana ndio unaotushinda wengi wetu. Mama anamwambia mtoto anayetamani safari ya kwenda kwenye mnara wa taa: ndiyo, bila shaka, kukiwa na hali nzuri ya hewa kesho. Baadaye baba anasimama mbele ya dirisha na kusema: lakini haitakuwa nzuri. Kati ya neno la mama na neno la baba kuna aya ndefu, na sehemu kubwa ya aya hiyo imo ndani ya kichwa cha James, mtoto wa miaka 6, aliyeketi sakafuni akikata picha kutoka katika katalogi ya duka. Anakata picha ya jokofu. Kwa kuwa mama yake ameongea wakati huohuo, lile jokofu linajaa raha ya mbinguni.

Sasa niambieni, nani anayesema kwamba jokofu limejaa raha ya mbinguni? James hawezi, kwani mtoto wa miaka 6 hana maneno hayo. Msimulizi naye hawezi kuwa anaamini jambo kama hilo kuhusu picha ya katalogi. Maneno ni ya mtu mzima, moyo ni wa mtoto. Ukishatenganisha hivyo viwili, umeipata mbinu kuu ya riwaya hii, na nitadai jioni hii kwamba hoja ya kitabu kuhusu wanawake, pamoja na taashira zake zote, yaani vitu vinavyobeba maana zaidi ya vyenyewe, haisomeki pasipo mbinu hiyo.

Mambo ya usuli nitayapitia haraka. Riwaya ni ya Virginia Woolf, ilitoka Mei 1927 kwa Hogarth Press, shirika la uchapishaji ambalo yeye na mumewe Leonard walilianzisha mwaka 1917. Mandhari ni kisiwa cha Skye, Scotland, ingawa bahari tunayoiona ni ile ya St Ives, Cornwall, ambako familia yake ilikuwa ikipumzika majira ya joto. Mama yake, Julia Stephen, alifariki mwaka 1895, Virginia akiwa na miaka 13. Ni kweli kwamba Bi Ramsay, yule mama wa ukurasa wa kwanza, ana mengi ya Julia. Lakini anayesoma kwa kulinganisha tu mhusika na mama mzazi anaweza kusoma kitabu chote asiuone hata mgeuko mmoja wa sauti.

Muundo wake una sehemu 3. Ya kwanza, yenye sura ndogo 19, inachukua zaidi ya nusu ya kitabu kusimulia alasiri na usiku wa siku moja. Ya pili ina sura 10 fupi na inameza miaka 10. Ya tatu ni asubuhi moja. Woolf aliuchora mpango huu katika daftari lake kama matofali mawili yaliyounganishwa na ujia mwembamba, umbo linalofanana na herufi H.

Turudi kwenye sauti. Usemi halisi unaujua: Bi Ramsay aliwaza, “Soksi ni fupi mno.” Usemi wa taarifa pia unaujua: Bi Ramsay aliwaza kwamba soksi ilikuwa fupi mno. Woolf anaondoa “aliwaza kwamba” na alama za kunukuu, kinachobaki ni: soksi ilikuwa fupi mno. Sentensi imesimama katika nafsi ya tatu na wakati uliopita kama simulizi ya kawaida, lakini ni fikra ya mtu. Tuuite usemi taarifa huru. Watu wengi huuchanganya na mkondo wa fahamu wa moja kwa moja, ule wa “mimi” unaomwaga mawazo bila nukta. Humu mambo ni ya kimyakimya zaidi, na ndiyo maana msomaji hupotea bila kujua kwamba amepotea.

Mfano bora ni sura ya 5. Bi Ramsay anapima soksi kwenye mguu wa James. Soksi ni ya mtoto wa mlinzi wa mnara wa taa, mtoto anayeumwa nyonga kwa kifua kikuu. Kitendo chenyewe ni cha dakika chache: anaweka soksi mguuni, anamwambia James atulie, anaona ni fupi, anambusu kipaji. Katikati ya hatua hizo anawaza viti vilivyochakaa, milango inayoachwa wazi, na msichana wa kazi kutoka Uswisi ambaye baba yake anakufa kwa saratani ya koo. Kisha inaingia sauti ambayo si yake, ikisema hapajawahi kuonekana uso wenye huzuni namna ile. Ni ya nani? Mwanachuoni Erich Auerbach aliichambua sura hii katika kitabu alichochapisha mwaka 1946, na alilitaja hilo waziwazi: sauti hiyo haina mwenyewe. Msimulizi anamtazama mhusika wake kama mgeni aliyepita dirishani.

Kwa mazoezi, chukua kurasa 2 na kalamu 3 za rangi. Kwanza pigia mstari vitendo vinavyoonekana kwa macho. Pili, pigia mstari vitenzi vya kuwaza, kuhisi na kukumbuka. Kila kimoja ni kibao cha barabara kinachosema umeingia kichwani mwa nani. Tatu, tafuta maswali, mishangao na maneno ya kukadiria yasiyo na kibao. Hayo ya tatu ndiyo yenye kazi. Mbele ya kila moja andika jina la mwenye fikra, na ukishindwa, acha alama ya kuuliza. Kosa linalojirudia ni kulazimisha jina. Alama 4 za kuuliza katika kurasa 2 si dalili ya usomaji mbaya, kwa sababu Woolf mwenyewe ameacha milango hiyo wazi.

Hapa Kiswahili chetu kinatuletea tatizo na zawadi kwa pamoja. Tatizo ni kiambishi “a-”. Kiingereza kina neno lake la mwanamume na lake la mwanamke, na Woolf huyategemea kuonyesha kwamba fikra imetoka kwa mke ikaingia kwa mume katikati ya sentensi. Sisi tukisema “alimtazama akajua anamtaka aseme”, hatujui nani anamtazama nani. Mfasiri akirudisha majina kila mara, anaua ulaini wa mpito. Akiyaacha, msomaji anazama. Njia ya kati ni majina ya uhusiano: mkewe, mumewe, babake, mgeni wao. Hayo yanabeba jinsia au nafasi, na tena yanafichua anayeangalia, maana “babake” linatoka kwa mtoto na “mumewe” linatoka kwa mke.

Kiambishi “-ka-” nacho ni mtego. Kinapanga matukio foleni. Ukiandika “akapima, akakumbuka, akahuzunika”, umeigeuza fikra kuwa tukio linalofuata tukio, wakati katika riwaya fikra inatokea ndani ya tukio. Afadhali kuacha kitendo katika “-li-” na kuivua fikra kitenzi cha kuiongoza.

Zawadi ni vile vijineno vyetu: kumbe, mbona, eti, labda, basi. Hivi haviwezi kuwa vya msimulizi asiyeegemea upande. “Kumbe” ina mwenyewe, yule aliyegundua sasa hivi. “Eti” inabeba maneno ya mtu mwingine kwa masafa na dharau kidogo. Charles Tansley, mwanafunzi wa Bwana Ramsay, anasema kwamba wanawake hawawezi kuchora wala kuandika. Maneno hayo yanamrudia Lily Briscoe, mchoraji aliye mgeni wa familia, kichwani kila anaposhika brashi. Kwa Kiswahili silabi mbili zinatosha: eti hawawezi kuchora. Sauti ya Tansley imo, na kidonda cha Lily kimo, bila alama ya kunukuu.

Na hapo tumeshaingia kwenye uanamke. Fikirini sura ya 17, karamu ya jioni. Tansley anataka kusema jambo na hapati mwanya. Kanuni ya adabu inamtaka mwanamke aliye mbele yake amfungulie mlango wa mazungumzo. Lily anaijua kanuni hiyo, na anawaza: ni wajibu wangu kumsaidia kama ambavyo ungekuwa wajibu wake kuniokoa treni ya chini ya ardhi ikishika moto. Halafu anajiuliza ingekuwaje kama wote wawili wasingefanya lolote. Anajaribu kukaa kimya. Bi Ramsay anamwomba kwa macho, na Lily anashindwa, anaongea kwa upole, mwanamume anapumua. Ukiisikiliza meza kwa nje, ni maneno mawili matatu ya heshima. Vita vyote vimepiganwa ndani ya usemi taarifa huru. Kazi ya wanawake katika nyumba hii, yaani kulainisha, kuliwaza na kuunganisha, haisikiki kama sauti. Mbinu ya “alisema, akajibu” isingeweza kuiona.

Katika karamu hiyohiyo Lily anasogeza kidau cha chumvi juu ya ua la kitambaa cha meza ili akumbuke kwamba kesho atausogeza mti kwenye picha yake uje katikati. Baadaye anakumbuka kwamba pale ndipo alipotambua kuwa halazimiki kuolewa na mtu yeyote. Ana miaka 33, na Bi Ramsay anasisitiza kwamba kila mtu lazima aoe au aolewe. (Sehemu ya tatu inasema Lily ana miaka 44 baada ya miaka 10. Wanaopenda hesabu wameshaliona hilo.)

Mwaka 1931 Woolf aliwaambia wanawake wenye taaluma kwamba ili aweze kuandika ilimbidi amuue Malaika wa Nyumbani, yule mwanamke ambaye kukiwa na kuku huchukua paja, na kukiwa na upepo wa baridi hukaa palepale unapoingilia. Wengi huichukua hotuba hiyo na kuibandika kwa Bi Ramsay. Haibandiki. Bi Ramsay ana kipindi kinachoitwa na kitabu kiini cha giza chenye umbo la kabari: anapobaki peke yake, watoto wamelala, haoni tena haja ya kuwa mke wa mtu wala mama wa mtu, na giza lile hakuna anayeliona. Malaika hana kiini cha giza.

Shikeni hilo neno kabari, kwa sababu taashira ya kitabu inafumwa hapo. Sura chache nyuma, rafiki wa familia, William Bankes, anaigusa turubai ya Lily kwa kisu chake kidogo na kuuliza ile pembetatu ya zambarau ni nini. Ni Bi Ramsay akimsomea James, anajibu Lily. Lily hajawahi kusikia fikra ile ya kabari, na Bi Ramsay hajaiuliza maana ya pembetatu. Wanawake wawili wamefikia umbo lilelile kila mmoja upande wake, na umbo hilo linakutana mahali pamoja tu, kichwani mwa msomaji aliyepita vichwa vyote viwili.

Mnara wa taa vivyo hivyo. Woolf alimwandikia rafiki yake Roger Fry, mchoraji na mhakiki wa sanaa, mwaka 1927 kwamba hakukusudia maana yoyote kwa mnara, alihitaji tu mstari wa katikati wa kushikilia mchoro. Msiharakishe kumwamini kabisa, lakini msianze pia na “mnara unawakilisha ukweli” au “mnara ni mwanamume”. Ulizeni unaonwa na nani, saa ngapi, akiwa umbali gani. Kwa Bi Ramsay si jengo bali mwanga, mapigo 3, na la tatu, refu na tulivu, analiita lake. Kwa James wa miaka 6 ni mnara wa fedha ndani ya ukungu, wenye jicho la manjano. Kwa James wa miaka 16, aliye mashuani akielekea huko katika sehemu ya tatu, ni jengo lililosimama wima, lenye mistari myeusi na myeupe, na nguo zimeanikwa juu ya miamba. Anawaza: ule mwingine pia ulikuwa mnara, kwani hakuna kitu kilicho kitu kimoja tu. Nguo zile zilizoanikwa nazipenda kuliko mnara wenyewe.

Sehemu ya pili inavunja yote haya kwa makusudi. Nyumba imefungwa, hakuna vichwa vya kuingia, upepo unapita vyumbani. Vifo vya watu vimetiwa ndani ya mabano ya mraba. Bi Ramsay anafariki katika kishazi tegemezi: mumewe ananyoosha mikono gizani asubuhi, inabaki mitupu. Binti yao Prue anafariki kwa maradhi ya uzazi. Mwana wao Andrew anauawa na kombora Ufaransa. Wasomaji hudhani mabano yanapunguza uzito. Kisarufi ni kweli, na hilo ndilo linalouma: vita vya 1914 hadi 1918 vimegeuza maisha ya mtu kuwa maelezo ya pembeni.

Anayeiokoa nyumba ni Bi McNab, mwanamke mzee wa usafi, akisaidiwa na Bi Bast. Na hapa nina ugomvi na Woolf. Riwaya inayowapa Lily na Bi Ramsay akili zenye vyumba vingi inampa mwanamke huyu wimbo wa zamani, mgongo unaouma na kumbukumbu chache, na inamwita asiye na akili timamu. Mkono wake unasugua mpaka nyumba inasimama tena. Sentensi hazimfuati ndani sana. Mbinu nayo ina tabaka lake la kijamii.

Nimalizie na sentensi ya mwisho, maana kuna mwenzetu alitaka kujua jinsi ya kuitafsiri. Lily anachora mstari katikati ya turubai, anaweka brashi chini kwa uchovu, na anawaza kwamba amepata kile alichokiona. “Nimepata maono yangu” kunamfanya nabii. “Nilikuwa nimeona” kunazika jambo lililo hai. Wakati wa “-mekwisha” unafaa, kwa kuwa kitendo kimetimia na matokeo yapo. Lakini sarufi yetu inakaribisha kiambishi cha yambwa, yaani cha kile kinachoonwa, nacho kinadai ngeli: nimekwisha kuliona, yaani umbo, kuiona, yaani picha, kumwona, yaani Bi Ramsay aliyekaa tena ngazini kwa kitambo. Kila kimoja kinachagua kwa niaba yake. Mimi ningekiacha nje. Nimekwisha kuona.