Stesheni Nayo ni Kivuko

Mhadhara uliotolewa Mbeya mbele ya wenyeviti wa mitaa, madereva wa bodaboda na bajaji, na walimu wa shule zilizo kando ya reli

Mugonile. Na wale waliopanda basi la alfajiri kutoka Iringa, kamwene. Asanteni kwa kuja na mvua hii.

Nimeombwa nizungumzie mambo manne kwa dakika arobaini. Wanaonifahamu wanajua nitamaliza moja, mengine nitayakimbiza, na mwenyekiti ataninyang'anya kipaza sauti. Tuanze.

Historia ya TAZARA, reli yetu ya Tanzania na Zambia, siigusi. Mwalimu, Kaunda, Wachina, 1975, mataruma ya zege, hayo mmeimbishwa tangu shule ya msingi. Mimi nimeendesha treni juu ya mataruma hayo zaidi ya miaka ishirini, mingi kati ya Tunduma na Makambako, na kinachonikera ni kimoja. Wanaoshughulikia stesheni wana kikao chao: vigae, viti, rangi, vyoo. Wanaoshughulikia vivuko vya reli wana kikao kingine: vibao, faini, vipeperushi. Mama anayetoka sokoni na beseni kichwani hajui kama kuna vikao viwili. Kwake stesheni ni mahali pa kukatiza reli. Anakatiza akienda kupanda treni, anakatiza akiteremka, anakatiza hata siku asiyosafiri kwa sababu nyumbani ni upande wa pili.

Sasa kisa cha baiskeli. Wengine mmekisikia. Mtakisikia tena.

Ilikuwa alfajiri ya mwezi wa Juni, baridi ile ya kwetu ya kupasua midomo, ukungu umelala bondeni. Natoka Tunduma na mabehewa ya shaba, zaidi ya tani elfu moja nyuma yangu, mwendo kama kilomita 60 kwa saa. Stesheni iliyo mbele sisimami. Natoka kwenye kona, namwona mtu, mita 300 hivi. Anasukuma baiskeli yenye magunia mawili ya viazi, la juu limejazwa lumbesa mpaka linaegemea bega lake. Nikapiga honi. Akageuka, akaniona, akaendelea kusukuma. Hata mimi ningeendelea, maana alikuwa amebakiza reli moja tu.

Gurudumu la nyuma likazama. Pale hapakuwa kivuko rasmi, ni njia ya miguu waliyoichonga wenyewe, kwa hiyo hapakuwa na mbao wala zege la kusawazisha katikati ya reli. Kokoto zilikuwa zimeshuka kiganja kizima chini ya kichwa cha reli, yaani uso wa juu wa chuma. Gurudumu limeshuka humo, magunia yamelalia reli.

Kilomita 60 kwa saa ni kama mita 17 kila sekunde. Mita 300, gawanyeni wenyewe. Sekunde 18. Nimeshafunga breki zote, lakini msifikirie breki ya basi. Tairi la mpira linang'ang'ania lami. Gurudumu la treni ni chuma juu ya chuma, halina cha kung'ang'ania, na ndiyo sababu injini moja inaweza kuburuta mzigo wote ule. Kinachokurahisishia kuvuta ndicho kinachokunyima kusimama. Treni nzito ya mizigo inaweza kutaka kilomita nzima. Ukishafunga breki huna kazi nyingine, usukani hakuna wa kukwepesha. Unabaki na honi na macho.

Na macho yangu yakaona nini? Yule baba hakukimbia. Alianza kufungua kamba ya gunia. Ile kamba ya tyubu, mafundo mawili. La kwanza akalifungua kwa vidole. La pili akaliinamia kwa meno. Nilikuwa karibu kiasi cha kuona mashavu yake yakivuta. Halafu pua ya injini ikamfunika, nikasikia baiskeli inavunjika.

Tulisimama mbele huko, mita mia tano au zaidi. Nikateremka, nikarudi kwa miguu kandokando ya mabehewa, moja baada ya jingine, magoti yanagongana, nikijua ninachokwenda kukikuta. Nikamkuta amekaa kwenye tuta, mzima, amekumbatia gunia moja. Wanakijiji wameshafika, wanaokota viazi vya lile la pili. Akaniangalia, akasema: "Shikamoo mzee. Na baiskeli itakuwaje?"

Mnacheka. Mimi sikucheka, nilimgombeza mpaka sauti ikakauka. Lakini siku yangu ya mapumziko nilirudi pale bila treni, nikapima kwa hatua. Kivuko halali, chenye kibao na msalaba wake, kilikuwa hatua zaidi ya mia saba kutoka pale, ng'ambo ya stesheni. Ili akitumie ilimlazimu aende kule kisha arudi huku, kilomita na ushee, anasukuma viazi. Soko analiona mbele ya pua yake. Nani kati yenu angezunguka? Mwalimu, wewe ungezunguka? Haya.

Nasikia mtu pale nyuma anaguna kwamba sheria ipo, hifadhi ya reli haikatizwi, akamatwe. Akamatwe. Na jirani yake je? Na watoto wa shule mia mbili wanaopita palepale saa moja kasoro asubuhi? Sehemu moja niliyofanyia kazi waliwahi kuweka uzio wa seng'enge. Baada ya wiki chache nusu ya ile seng'enge ilikuwa banda la kuku, nami nilipita na treni nikiwaona kuku wenyewe. Miguu ya watu imeshachora ramani. Kivuko kiwekwe pale miguu inapopita, kisakafiwe kiwe sawa na kichwa cha reli, kikate reli kwa pembe mraba. Hizo ni mbao, zege na siku chache za kazi. Sijaomba daraja la juu.

Mwingine atasema, mzee, treni zenyewe ziko wapi? Zinapita kwa nadra. Baba, hapo ndipo hatari ilipo. Ng'ombe wakizoea kuchungwa relini, watoto wakizoea kuanika mahindi kwenye kokoto, ile treni moja ya juma inawakuta wamekaa. Na hazitabaki chache. Mkataba wa kuifufua reli hii ulitiwa saini 2025, dola za Marekani bilioni 1.4, miaka 30 mikononi mwa kampuni ya Kichina. Reli hii ilibuniwa kubeba tani milioni mbili kwa mwaka. Zikikaribia kubebwa kweli, mtazitafuta siku za treni chache.

Kuna jambo sijawahi kuliona kwenye kipeperushi chochote, naomba mlisikilize hili hata kama mengine mtayasahau. Reli yetu ni ya njia moja. Treni mbili zinazokutana haziwezi kupishana porini, lazima moja isubiri stesheni, ambako ndiko kuna njia ya pembeni. Maana yake pale pale tulipowawekea watu kivuli na benchi ndipo treni mbili zinapokutana. Abiria anaona ya kwanza imesimama. Injini inanguruma hata ikiwa imesimama, na mabehewa yake yamemziba macho. Anapita mbele yake, au anafanya lile ninaloliogopa kuliko yote, anainama na kupita katikati ya mabehewa kwenye kiungio. Akichomoza upande wa pili, ya pili imefika. Hakuisikia wala hakuiona. Nimewaona akina mama wa ndizi na parachichi wakifanya hivyo na mtoto mgongoni, kwa sababu wateja wako madirishani upande ule na treni haisimami muda mrefu. Unawaambia nini? Wasiuze?

Kwa hiyo mtu akija na mchoro wa stesheni mpya, msiulize kwanza habari ya vigae. Mwulizeni anayetoka upande wa pili wa reli anafikaje jukwaani. Kama mchoro hauonyeshi njia hiyo, basi amechora jengo.

Msinijibu kwa SGR, ile reli mpya ya kisasa. Kule Dar es Salaam hadi Dodoma reli imejengwa upya, imezungushiwa uzio, barabara zinapita juu au chini yake, na treni za umeme zinakimbia hadi kilomita 160 kwa saa. Safi sana, nimepanda, nimelala usingizi. Sisi tuna reli ya miaka ya sabini iliyokuta vijiji na vijiji vikaikuta. Tukisubiri madaraja ya kila njia ya miguu tutazika watu wengi. Na msidhani balaa ni la waenda kwa miguu tu: Novemba 2023, wilayani Manyoni kule Singida, basi la abiria liligongana na kichwa cha treni kwenye kivuko, watu zaidi ya kumi wakafa.

Mwenyekiti ameanza kutazama saa. Nakimbiza.

Macho yanadanganya. Kitu kikubwa huonekana kinakwenda polepole kuliko kitu kidogo chenye mwendo uleule, na treni ikikujia uso kwa uso hakuna kinachokuonyesha kasi yake. Vijana wa bodaboda, ndiyo sababu mnasema "nawahi."

Upana. Kati ya reli na reli ni milimita 1,067, mita moja na kidogo. Behewa lina karibu mita tatu. Linatokeza karibu mita nzima kila upande. Anayesubiri ameweka kidole cha mguu kando ya chuma ameshagongwa, bado hajajua.

Bajaji na viti vya magurudumu: hata kwenye kivuko halali, kwa ndani ya kila reli kuna mfereji ambao ukingo wa gurudumu la treni hupitia. Kateni mraba, msikate mshazari. Wewe wa benchi la nyuma unayeinua pikipiki kukwepa shimo, nakuzungumzia wewe.

Taa za stesheni usiku, ngazi za kuteremkia kwenye kokoto, vyoo, hayo yalikuwa jambo la tatu na la nne. Nayaacha. Walimu, karatasi ya mchoro iko mlangoni. Kila shule iende Jumamosi na kamba ya mita 50 ipime umbali kati ya njia ya miguu wanafunzi wanayopita na kivuko halali, iandike, ilete kwa mwenyekiti. Nataka namba, sitaki barua ya malalamiko.

Maswali. Ndiyo, mama wa kitenge cha bluu. Hapana, baiskeli haikulipwa. Nilimnunulia mimi, ya mtumba, na bado anapita palepale.