"Hustle", "bustle" na punda wa Amu: si kila mwendo ni haraka

Assalamu alaikum jamaa zangu wa Amu, yaani Lamu, na nyote mnaonitazama kutoka Malindi, Mombasa na kwengineko. Leo nipo Birmingham, Uingereza, kituo cha treni cha New Street, saa kumi na moja na nusu jioni. Ngoja nigeuze kamera. Mwawaona? Mabegi mgongoni, macho kwenye ubao wa treni, hakuna anayemsalimu mwenzake. Wenyewe wakati huu wauita "rush hour".

Nimekuja kurekodi hapa kwa sababu ya mdogo wangu mmoja, mtoto wa mama mdogo, yuko kidato cha nne. Kaniandikia: dada, mwalimu katupa maneno ya Kiingereza, "scurry", "scuttle", "dash", "bolt", "bustle", na kila nikifungua kamusi naambiwa haraka, haraka, haraka. Nichague lipi? Mdogo wangu, swali lako limenigusa. Kwa hiyo kaa kitako unisikilize.

Tuanze na punda, kwani sisi tumelelewa na punda. Punda wa Amu akichapua hatua bila kukimbia, twasema enda telki. Akizidisha, aliyempanda akawa arushwarushwa juu, enda matiti. Akifyatuka kabisa, kama siku ya mashindano ya Maulidi pale ufukweni, enda shoti. Mtu akikwambia yote hayo ni haraka tu, wajua huyo hajapanda punda. Kiingereza nacho ni hivyo hivyo. Usiulize ni kasi gani, uliza nani aenda, na moyoni ana nini.

"Scuttle" ni kaa wa Shela, kwenye ufuko wetu kule Amu. Umkaribie mchangani uone: miguu yote kwa pamoja, upande upande, mpaka shimoni. "Scurry" ni panya, vijihatua vidogo vidogo vya upesi, na mara nyingi pana woga ndani yake. Kwa hiyo ukiandika kwenye insha kwamba mwalimu mkuu "scurried" kuingia ofisini, umemfanya panya, na atakayesahihisha ataliona hilo. "Dash" ni mbio fupi yenye shabaha moja. Mtazameni yule kijana wa koti jekundu, milango yafungwa, yuleee... kaingia! Hiyo ndiyo "dash". "Bolt" ni kutimka ghafla kama farasi aliyeshtuka, na halishangazi, kwa sababu "bolt" ni mshale mfupi wa upinde wa mtambo; ukishafyatuliwa haurudi.

Lipo na "scamper", ambalo nalipenda kwa safari yake. Mzizi wake wa Kilatini ni kuuacha uwanja, yaani kukimbia vita. Leo wanalitumia kwa watoto na wanyama wadogo wanaokimbia kwa furaha. Neno limetoka vitani likaishia kwenye michezo ya watoto.

"Bustle" sasa ni kitu kingine. Hapo si lazima mtu akimbie. Ni mahali pazima pamechangamka, au mama mmoja anayezunguka jikoni, mara kwenye chungu, mara kwenye mbuzi ya nazi. Fikiria Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa Amu, asubuhi: hamali na mkokoteni wake, "simile! simile!", punda na mifuko ya saruji, watoto wa chuo cha Kurani na juzuu zao, na pale Mkunguni mbele ya ngome wazee washakaa na kahawa. Hiyo ni "bustle", na sisi twaita pilikapilika, au hekaheka. Na hapa nasema wazi, Kiswahili chawashinda. "Bustle" peke yake haikwambii kama pana raha au ugomvi. Sisi pakiwa na furaha twasema shamrashamra, pakiwa na kusukumana twasema purukushani, na msikilizaji ashajua aje na kanzu mpya au apite njia nyengine.

Nimeliacha "hustle" mwisho kwa sababu hili liliniumiza.

Asili yake ni Kiholanzi, kutikisa. Lilipoingia Kiingereza karne ya 17 lilikuwa ni kutikisa sarafu ndani ya kofia, mchezo wa kubahatisha. Likawa kusukumana. Kisha Marekani, karne ya 19, likashika njia mbili kwa pamoja: kujituma kazini, na kupata pesa kwa hila. Sisi Kenya tukachukua ile ya kujituma, tukalifanya letu: hasla. Mwaka 2022 lilibeba kampeni nzima ya urais, na Novemba mwaka huo serikali ikazindua mfuko wa mikopo kwa jina hilohilo. Kwetu ni neno la heshima.

Mwaka wangu wa kwanza huku niliitwa kwenye mahojiano ya kazi. Wakaniambia nijieleze. Nikasema kwa fahari, "I am a hustler." Wale wawili wakatazamana. Kwa Waingereza wengi, hasa watu wazima, huyo ni tapeli. Kazi sikupata. Nilirudi chumbani nikalia, kwa sababu nilichotaka kusema ni kwamba mimi ni binti wa mtu aliyebeba mchanga na mawe kwa punda tangu alfajiri hadi magharibi ili nisome. Hiyo ndiyo kukurukakara ya kweli, na Kiingereza chake hakihitaji mbwembwe: "I work hard." Ninyi mnaojiandaa kuja huku, liwekeni hilo kichwani.

Na jengine dogo. Usimwambie mzee wa huku "hurry up". Kwetu "fanya hima, bibi" yaweza kusemwa kwa mapenzi, sauti ikilainishwa. Huku hiyo ni amri. Sema "there's no rush", umwache avae viatu vyake.

Haya mdogo wangu, treni yangu ishatangazwa. Nitumie sentensi mbili kabla ya Ijumaa: moja ya kaa wa Shela, na moja ya mamako jikoni asubuhi ya Idi. Ukiniandikia "hurry" katika yoyote, nairudisha.