Mto Kuiseb: maji yaliyo chini ya mchanga

Ndugu wasikilizaji, karibu na kituo cha utafiti cha Gobabeb, Namibia, mvua ya kawaida haifiki milimita 30 kwa mwaka, na mto Kuiseb siku nyingi ni mchanga mtupu. Hata hivyo kingo zake zina mikababu mirefu (miti ya jamii ya migunga, Faidherbia albida), migunga na miswaki. Mvua inayoulisha mto huu hunyesha mbali, nyanda za juu za Khomas. Mafuriko hushuka, husomba matuta ya mchanga yanayotaka kuvuka kutoka kusini, kisha maji huzama mchangani.

Watu husema yamepotea. Hayakupotea. Mita moja ya ujazo ya mchanga wa chembe nene, ikijaa maji, inaweza kutoa lita 250 hivi. Jua hukausha tabaka la juu tu. Ukishapita sentimita 60 hivi, maji hayapandi tena kwa wepesi, kwa kuwa nafasi kati ya chembe ni pana mno. Tope laini hushika maji lisiyaachie. Pale mwamba unapokatiza chini ya mchanga, maji husukumwa juu, na hapo ndipo choroa, swala mkubwa wa jangwani, huchimba kwa kwato. Akiondoka, wanyama wadogo hunywa shimoni mwake.

Sasa mkababu, mti ninaotaka tuutazame kwa makini. Huangusha maganda yake yenye mbegu kiangazi, wakati malisho mengine yamekwisha. Mbegu ina ganda gumu. Nyingi huota vizuri zaidi zikipita tumboni mwa mnyama. Baada ya mafuriko, mzizi wa mche hufukuzana na maji yanayoshuka. Maji yakishuka upesi kuliko mzizi, mche hufa. Mabwawa ya mashamba ya juu hupunguza mafuriko, na visima vya huku chini huvuta maji kwa ajili ya mji wa Walvis Bay. Mti mkubwa huendelea kustawi miaka mingi, nao hutudanganya: tunaona kijani, hatuoni kwamba hauna mrithi.

Kwa hiyo hesabuni miche peke yake, mbali na miti mikubwa. Ili kupima kina cha maji, zamisheni bomba lenye matundu, lililovikwa wavu, hadi chini ya kina cha maji cha mwisho wa kiangazi. Bila wavu litajaa tope. Liwekeni ukingoni, maana katikati ya mto litasombwa, na mbali na kisima cha pampu, la sivyo mtapima mvuto wa pampu badala ya hali ya mto. Pimeni kila mwezi, na kila siku kwa wiki mbili baada ya mafuriko.