Ludogorets: timu ya mji mdogo iliyowanyima usingizi vigogo wa Sofia

Wadau mambo vipi, karibuni tena. Leo nipo Razgrad, kaskazini mashariki mwa Bulgaria, hapo nyuma yangu mnauona uwanja wa Ludogorets, na shabiki yeyote wa Liverpool au Arsenal hilo jina analikumbuka vizuri. Wengi mmekuwa mnaniuliza hii timu ilitokea wapi, maana mliisikia tu ghafla 2014 iko kundi moja na Real Madrid. Sasa leo tunaanza nayo toka chini, na nina hoja yangu moja kabisa: wanaosema Ludogorets ni pesa tu hawajaiangalia vizuri.

Kwanza mji wenyewe. Razgrad ni mji wa watu kama elfu 30 hivi, una kiwanda cha siku nyingi cha antibiotiki, una Waturuki wengi, ukipita sokoni unasikia Kituruki na Kibulgaria vimechanganyika, na pembeni kuna magofu ya mji wa Kirumi wa Abritus ambako mwaka 251 mfalme wa Roma Decius aliuawa vitani na Wagoth. Kwa jina rasmi timu ni Ludogorets 1945, ila miaka yote hiyo mpira wa hapa ulikuwa wa madaraja ya chini, ligi kuu walikuwa wanaiona kwenye tivii kama wewe na mimi. Bulgaria mpira kwa sehemu kubwa ulikuwa wa mji mkuu Sofia bwana, Levski na CSKA.

2010 ndo mambo yanabadilika. Timu imetoka kupanda daraja la pili, anakuja Kiril Domuschiev, tajiri wa Huvepharma, kampuni ya dawa za mifugo, anainunua. Mwaka mmoja tu, 2011, wako ligi kuu kwa mara ya kwanza kwenye maisha yao, na watu wa Sofia wanasema hawa tutawaona msimu mmoja wanarudi kwao. Msimu huo huo wa kwanza, mechi ya mwisho kabisa, Mei 2012, inakuwa Ludogorets na CSKA, hapa hapa Razgrad. CSKA wanaongoza kwa pointi 2, sare inawatosha, hawa lazima washinde. Miroslav Ivanov akafunga, 1-0, ubingwa ukabaki Razgrad. Kombe la Bulgaria walishalibeba siku chache kabla kwa kuwafunga Lokomotiv Plovdiv 2-1, halafu baadaye wakaongeza na Super Cup. Msimu wa kwanza ligi kuu, makombe yote ya nchi!

Wazee wa Mbeya hapo mtakumbuka Tukuyu Stars 1986, walipanda wakachukua ubingwa papo hapo, nchi nzima ikashangaa, lakini kule juu hawakudumu. Na mimi hapo ndo naishika Ludogorets. Kuchukua mara moja, wapo waliochukua. Hawa walichukua 2012, wakachukua 2013, wakaendelea hivyo hivyo bila kuruka hadi 2025, mara 14 mfululizo jamani, kuna vijana hapa wamemaliza shule hawajawahi kuona bingwa mwingine.

Sasa ngoja niwape usiku ambao kila mtu hapa Razgrad atakusimulia hata hujamuuliza. Tarehe 27 Agosti 2014, mchujo wa Ligi ya Mabingwa na Steaua Bucharest ya Romania, mabingwa wa Ulaya wa 1986 hao, si watoto. Mechi ya kwanza Steaua wameshinda 1-0. Marudiano yanapigwa Sofia, uwanja wa Vasil Levski, kwa sababu uwanja wa Razgrad ulikuwa haujafikia viwango vya UEFA, kwa hiyo mashabiki wamesafiri zaidi ya kilomita 300 kwenda kuangalia mechi ya "nyumbani". Dakika zinakwenda, 0-0, dakika ya 90 watu washakata tamaa, Wanderson anaupiga bila kuusubiri utulie chini, wavuni. Muda wa nyongeza. Dakika ya 119, imebaki dakika moja tu kabla ya kwenda kwenye penati, golikipa Vladislav Stoyanov anacheza faulo analambwa kadi nyekundu. Sabu zote tatu zimeisha. Kipa hakuna.

Akajitokeza beki, Cosmin Moți. Mromania. Na sio Mromania tu, huyu ametokea Dinamo Bucharest, watani wa jadi wa Steaua, hebu fikiria hiyo presha. Akavaa jezi ya kipa na glovu. Penati ya kwanza ya Ludogorets kaenda kupiga yeye mwenyewe, kafunga, katoka hapo kaenda kusimama golini, kadaka moja, penati zikaendelea hadi ya saba, ya saba ya Steaua akaidaka tena, imeisha 6-5. Mji wa watu elfu 30 unaingia makundi ya Ligi ya Mabingwa. Huu uwanja hapa nyuma ulikuja kujengwa upya, na kuna jukwaa limepewa jina la Moți akiwa bado mchezaji, akabaki hapa hadi 2021. Mimi nikilitazama lile jukwaa nasisimka kabisa, siwafichi.

Kwenye makundi hawakwenda kupiga picha. Anfield walisawazisha dakika za lala salama kupitia Dani Abalo, ikabidi Gerrard awaokoe Liverpool kwa penati, 2-1. Marudiano Sofia 2-2, Terziev kasawazisha dakika ya 88. Real Madrid walitanguliwa kufungwa na Marcelinho dakika ya 6, wakapindua 2-1. Basel wakapigwa 1-0. Na 2016 waliokuwa kibanda umiza siku ile ya Arsenal mnajua, dakika 15 tu Ludogorets 2-0, mpaka Özil akaja kuimaliza dakika ya 88, 3-2. Ila mashabiki wa Arsenal msisahau na hili, mechi ya mwisho Ludogorets walienda Paris wakatoka 2-2 na PSG, na hiyo sare ndo iliyowapa nyie nafasi ya kwanza kwenye kundi.

Sasa hoja ya pesa. Ndiyo, Domuschiev ana pesa, nani anakataa. Ila Litex Lovech nao walikuwa na tajiri wao, Grisha Ganchev, mji mdogo vile vile, ubingwa mara nne, 1998, 1999, 2010 na 2011. Desemba 2015 wakaondoka uwanjani katikati ya mechi na Levski, wakatolewa kwenye ligi, Ganchev akahamia CSKA na Litex ile ya ubingwa ikapotea. CSKA wenyewe, timu yenye ubingwa 31, mwaka huo huo 2015 madeni yaliwashusha hadi daraja la tatu. Pesa zilikuwepo kote huko. Razgrad zikaingia kwenye uwanja, kwenye akademi, na kwa watu waliokaa. Marcelinho alikuja 2011 kutoka Brazil, akakaa miaka na miaka, akapata uraia, na Machi 2016 akiwa na jezi ya timu ya taifa ya Bulgaria akawafunga Ureno kwao, 1-0, siku ambayo Ronaldo alikosa penati.

Kitu kimoja nakubaliana na watu wa Sofia, ubingwa 14 mfululizo umeiua ladha ya ligi, kila msimu watu walikuwa wanabishana nani wa pili, na hilo kwa mpira wa Bulgaria sio zuri hata kidogo. Lakini dawa yake ni Levski na CSKA wajipange, sio Razgrad wapunguze kasi.

Video ijayo naenda Plovdiv kwa Botev, timu ya 1912, hao 1984 wakiitwa Trakia waliwapiga Bayern Munich 2-0. Wenye maswali kuhusu Botev yaacheni hapo chini niyabebe.